Kidole cha Sita

Wengi huja wakitaka uso wa Yosaji.
Yosaji mbeba ngoma, yule wa katuni ya zama za vita:
kovu chini ya jicho, ngoma mgongoni,
nyuma yake moto, na bendera za ukoo uliokwisha zamani.
Nimemchora mapajani, mabegani, kwenye kitambi
cha muuza matairi wa Kishiwada aliyelia
kabla sindano haijamgusa.
Kiolezo chake ninacho. Namchora hata nimefumba macho.

Huyu alikuja na mfuko wa mchele.
Mvua ya Juni, viatu vikilia sakafuni,
sare ya udereva wa tramu chini ya koti.
Kitabatake Sayoko, akaandika kwenye fomu.
Penye ugonjwa: hakuna.
Fomu yangu haina nafasi ya sababu,
akaiandika pembeni, wima: mdogo wangu.

Mfukoni, karatasi moja tu,
matundu matatu juu, mawili marefu, la kati duara,
na mkono.
Mkono wa penseli, unaachia kijiti cha ngoma
juu ya mto.
Nikahesabu vidole. Nikahesabu tena.

Akanieleza taratibu, kama anayetangaza vituo.
Mabingwa huchora mwanzo wa tendo na mwisho wake:
mkono umeshika, mkono uko wazi.
Wadogo huchora yaliyo katikati,
karatasi tatu kwa bakuli la tambi,
na kitu kikienda mbio hukivuta, hukitia ukungu,
hukiongezea hata kidole, ili jicho lidanganyike
lione kimesogea.
Tetsuhiro alichora katikati miaka tisa.
Jina lake lilipita mwisho wa kila sehemu,
safu ya nne, herufi kama sisimizi,
mama yao akilifukuza kwa miwani miwili.

Sikuuliza alikufaje. Alisema mwenyewe:
"Dawatini. Penseli ilikuwa imeshachongwa."

Nikasema, hiki cha sita nikifute?
Watu watadhani mkono wangu ndio uliokosea.
Akanitazama kama abiria asiye na nauli.
"Kiache."
"Na matundu?"
Akafikiri. Tramu ikapita nje, chupa za wino zikagongana.
"Na matundu. Ndiyo yaliyozuia karatasi isisogee."

Akachagua ndani ya mkono, karibu na kwapa,
penye ngozi laini, panapouma,
pasipoonekana na mkaguzi wala abiria.
Nikamkumbusha bafu za umma zitamfungia mlango.
Akasema nyumbani kuna beseni.

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo najua.
Hiki cha sita sijui kinavunja nini.
Nilikaa nacho saa nzima, sindano nyembamba kuliko zote,
mstari wa kijivu usiofika mwisho,
na kwa mara ya kwanza tangu uanagenzi niliogopa,
kwa maana joka likikosewa gamba moja, nani atajua?
Lakini kosa,
kosa lazima ulichore sawasawa.

Hakulia. Aliuliza bei, akaongeza sarafu,
akaipanga karatasi mfukoni kama anayemlaza mtoto,
akatoka mvuani, mwavuli umefungwa, mkono umeinuliwa kidogo
ili nguo isiuguse.

Usiku niliitafuta sehemu ya kumi na moja.
Yosaji anafika ukingoni. Upepo. Vita vimekwisha,
hakuna aliyemwambia nani ameshinda.
Nikasimamisha. Nikarudisha. Nikasimamisha.
Kila nikibonyeza, kijiti kingali mkononi,
au kimeshafika majini.

Jumanne atarudi nikikague kidonda.
Sitamwambia kwamba sijauona.