Embeho

Sanduku letu lilifunguka lenyewe stendi ya Kabale,
kanga zangu zikamwagika topeni,
Shekue akacheka, kisha akaacha kucheka
alipoona humo ndani hamna hata sweta moja.

Tumekodi chumba nyuma ya duka la Mama Kyarisiima:
kitanda, meza ya kusahihishia, jiko la mkaa,
dirisha linalotazama matuta ya viazi
yaliyopanda mlima ngazi kwa ngazi.
Alfajiri ukungu unaingia bila hodi.
Tunagombania jozi moja ya mabuti;
anayeyakosa ndiye anayechemsha chai.
Mara nyingi ni mimi. Naandika hapa iwe ushahidi.

Darasa la tano wana majina marefu kuliko masika:
Ainembabazi, Tukamuhebwa, Twinomujuni.
Siku ya kwanza niliita mahudhurio mpaka kengele ikalia.
Nao wakalipiza. Ngeli ya ki-vi
wakaigeuza mchezo wa kuruka kamba,
kikombe vikombe, kijiko vijiko,
hadi kasichana kamoja kakasimama kamba ikizunguka:
"Mwalimu, na kifo?"
Nikasema, vifo.
Akaandika.

Mshahara wa Februari ulifika Mei.
Tulikula viazi vya kuchemsha, vya kuchoma,
na vile Shekue alivyoviita vya kiserikali,
yaani vya kungojea.
Siku hizi anakunywa bushera kama mzaliwa,
na njiani anasema "Agandi" kwa kila kiumbe,
mbuzi wakiwamo.

Usiku, daftari arobaini na saba na mshumaa mmoja.
Ananisomea: "Baba yangu ni mkulima
na mama yangu ni mvua."
Tukabishana. Labda alitaka kuandika mvumilivu,
akachoka katikati ya neno.
Kalamu nyekundu ilikaa hewani muda mrefu.
Tukampa alama zote.

Lakini Mama Kyarisiima alitusalimia kwa kidevu tu,
miezi mitatu, kidevu tu,
mpaka siku ya kodi, akiwa ameshika noti zetu
bila kuzihesabu, akamtuma mwanawe atufasirie:
Kiswahili alikisikia siku moja, akiwa msichana,
kwenye kizuizi cha barabara ya Mbarara.
Maneno matatu.
Simama.
Toa.
Lala chini.

Hatukuwa na la kujibu.
Lugha niliyobembelezwa nayo Muheza,
niliyotongozwa nayo na huyu bwana mwenye mabuti,
usiku ule tuliinong'ona kitandani
kama wezi wanaogawana mali ya mtu wa jirani.

Kisha Septemba ikaleta mvua ya mawe.
Bati likavuja juu ya daftari, tukasogeza meza,
likavuja juu ya kitanda, tukasogeza kitanda,
chumba kikatuishia.
Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye,
blanketi zito begani, kandili mkononi.
"Embeho," akasema, akionyesha paa, nje, dunia.

Na mimi, kabla sijafikiri, nikamsikia bibi yangu
wa kule Lushoto akifunga madirisha:
"Mpeho," nikasema.
Akanitazama kwa mara ya kwanza machoni.
"Embeho," akanisahihisha, polepole,
kama mtu anayefundisha darasa la kwanza.
"Embeho," nikarudia.
Akatikisa kichwa. Nimefaulu, lakini si sana.

Alipogeuka kuondoka akasema, "Lala..."
akasita.
Nikaona anapapasa gizani baada ya neno lile,
akitafuta kitu kingine cha kuweka pale
palipokaa chini miaka yote hiyo.
Ualimu ulinipanda kooni, nikataka kummalizia,
Shekue akanifinya.
Mvua ilinyesha kati yetu.
"Lala... mwalimu," akasema, akaenda.

Blanketi linanuka moshi na mtama.
Ni zito kama mtu.
Shekue ameshavuta nusu kubwa.