Vidole Viwili

Dirisha langu halijanyooka:
juu shibiri tano, chini tano na vidole viwili.
Fundi Shekuwe alikunja futikamba, akacheka:
"Nyumba za Mkomani hizi, zimeinama kabla ya babu yangu."

Nimejaribu pazia jeusi.
Kioo cha kompyuta kikatulia,
mimi nikaiva kama mkate wa mofa.

Nimejaribu melimeli nyeupe.
Upepo ukapita, jua nalo likapita,
likafuta tarakimu zote za mteja wa Mombasa;
na Mwanaesha, akianika nguo juu ya dari yake,
akanihesabia vikombe vya kahawa.

Sasa nina mkeka wa ukindu, haukutiwa rangi.
Bi Mwanatumu aliusuka kwa kipimo cha juu.
Nikivuta kamba hushuka taratibu,
kama mtu anayeshusha pumzi.

Chini, kushoto, umebaki mwanya:
vidole viwili vile vile.
Shekuwe alitaka kupigilia ubao.
Nikamwambia aache.

Saa kumi mstari wa mwanga huingia hapo,
hupanda mguu wa meza,
huvuka risiti, hukanyaga kalamu.
Ukinifika kwenye pete
nafunga hesabu,
zilingane, zisilingane.