Kielelezo Namba Moja

Walikuja kabla ya adhana, na tochi tatu,
na mjumbe wa nyumba kumi kavaa kandambili za mkewe.
Hodi moja tu. Ya pili ilikuwa teke.
"Mama Kashindye, shamba lako liko wapi?"
Shamba! Hatua sita nyuma ya bafu,
pale maji ya vyombo yanapokwenda kufia.

Nikawaonyesha.
Koplo Ngailo akachuchumaa, akashika jani
kama anayeshika sikio la mtoto mtundu,
akahesabu vidole: vitano.
Akanusa. Akawatazama wenzake.
"Ndiyo yenyewe," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeona cheo kikishonwa begani.

Nikasema: baba, huo mgagani.
Akasema: wote husema hivyo.
Nikasema: wote nani?

Waling'oa mashina arobaini na moja. Nilihesabu nao,
maana ni mimi niliyeyapalilia.
Uvunguni wakatoa gunia la nsansa,
majani niliyoyachemsha na kuyaanika siku nne
kwa ajili ya mwanangu aliyeko Mpanda,
asemaye mboga za huko hazina uchungu wa nyumbani.
"Imekaushwa, tayari kusafirishwa," Koplo akaandika.
Hapo hakukosea.

Tabora hii, bwana,
tumbaku ina ghala, ina mnunuzi, ina mtu wa kuipanga madaraja;
hupita mjini juu ya lori ikiwakohoza watoto
na trafiki akaipisha.
Mgagani wangu ulipanda karandinga umefungwa kamba kiunoni.
Nilikaa kando yake.
Ulinyauka kabla hatujafika kituoni.

Siku mbili mahabusu. Isevya nzima ikapata la kuongea:
ndiyo maana aliezeka bati,
ndiyo maana hucheka peke yake.
Binti Sizya, niliyemgawia fungu kila Ijumaa
miaka minane, bila hata chumvi ya kurudisha,
akasema siku zote alihisi usingizi baada ya kuila.

Siku ya tatu akaingia zamu Afande Nyamizi, mzaliwa wa Sikonge.
Akasimama mbele ya gunia lililobandikwa karatasi,
KIELELEZO NAMBA MOJA,
akaingiza mkono, akatia jani mdomoni,
akatafuna taratibu, macho kayafumba.
"Nani kaileta hii?" akauliza.
"Na karanga ziko wapi?"

Hakucheka mtu. Koplo alitazama dari
kana kwamba kifungu cha sheria kimeandikwa huko.
Wakanirudishia kanga, viatu, simu iliyokwisha chaji.
Gunia nililipata pungufu; sikuuliza.
Pole haikuwepo. Niliambiwa tu nisirudie.
Nisirudie nini? Hilo nalo halikuandikwa.

Mvua za Novemba zilipoanza nilikwenda tena,
kwa miguu yangu, kuripoti kitambulisho kilichopotea.
Nyuma ya kituo, pale walipoyatupa yale mashina,
mgagani umeota, hakuna aliyeupanda,
umejazana hadi chini ya dirisha la mahabusu.
Sikusema kitu. Niliinama kidogo
kama mtu anayefunga kiatu,
nikaona ncha zimechumwa, jana au juzi,
kwa kucha, bila pupa,
na mtu anayejua kuacha jicho la kuchipua tena.