Kanyaga, Mama

Halikuvuja. Hilo ndilo lililonitia wazimu.
Nililala chini ya gari, tochi mdomoni,
nikapapasa magurudumu manne, paipu moja moja,
vidole vikatoka vikavu kama mkate wa juzi.
Ila pedali, ukiikanyaga pale kona ya Ngala,
ilizama polepole
kama mtu anayekubali neno asilolitaka.

Ugonjwa wa ndani, akasema Swaleh Kombo dukani,
akiigeuzageuza masta kuukuu kiganjani.
Mpira umechoka. Mafuta yanapita pembeni,
yanarudi yalikotoka, chini halianguki hata tone.
"Na gari lenyewe la aina gani, niandike kwenye risiti?"
Nikakohoa.
Chasisi ya Vokswageni ya mwaka sabini na mbili,
bodi ya fiberi niliyoimwaga mwenyewe uani, Maweni,
taa za trekta, viti vya saluni iliyofungwa,
usukani niliopewa na Mtaliano badala ya deni la madirisha.
Akaandika: Gari.

Bolti mbili tu, namba kumi na tatu,
lakini hewa ya hapa hula chuma usiku, kama panya.
Ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima
na ngozi ya vifundo viwili.
Ya pili ilikatika kichwa. Nikaitoboa kwa keekee,
nikiomba na kutukana kwa pumzi moja.
Mafuta ya breki yakadondokea bawa la mbele:
rangi ikababuka papo hapo, mikono mitatu ya rangi.
Kache akapita na kikapu, akatazama, akaenda zake sokoni.
Kuna kutosema ambako ni sentensi ndefu.

Masta mpya niliijaza kwanza kwenye jiliwa,
nikiisukuma kwa bisibisi mpaka ikaacha kutema mapovu,
ndipo nikaifunga. Sasa hewa itolewe kwenye paipu,
na kazi hiyo haina mtu mmoja:
mguu juu, mkono chini.

Mwanangu yuko shuleni.
Kazungu, niliyelijenga naye, hatusemezani
tangu alipotaka liuzwe.
Uani amebaki Bi Mbodze, mkwe wangu,
anapepeta mchele, ameligeuzia mgongo
gari analoliita jeneza lenye taa.

Miaka kumi na moja namwamkia nikiinamisha macho;
sijawahi kumwambia hata "sogea".
Nikasimama mbali, mikono myeusi nyuma ya mgongo,
nikaeleza habari za hewa na mafuta
kama mtu anayeposa upya.
Akaweka ungo chini.
Akavua ndara, akakaza leso, akapanda,
akashika usukani kwa mikono miwili
ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Gurudumu la mbali kwanza: nyuma, kushoto.
"Kanyaga, mama. Tafadhali."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
Nikafungua nipeli kwa spana namba saba,
mapovu yakakimbilia chupani.
"Inazama!"
"Usiachie!"
Nilimfokea. Mkwe wangu. Nami niko chali mavumbini.
Kimya.
Kisha, kutoka juu:
"Sijaachia. Funga wewe."

Gurudumu la pili hakungoja tafadhali.
La tatu, yeye ndiye aliyekuwa akiniamrisha:
"Nimekanyaga, fungua. Mbona unakawia?"
La nne yalitoka mafuta matupu, angavu,
nikaisikia sauti yake ikibadilika:
"Haa. Sasa mguu umegonga kitu."

Sikulipeleka mbali. Yeye yu kando yangu,
tukatoka penye jiliwa hadi langoni, mwendo wa kuku.
Nikakanyaga. Likasimama,
na vumbi letu likaendelea mbele peke yake.

Bi Mbodze hakusema limefaa.
Alichungulia nje, akapima kwa jicho
shubiri mbili zilizobaki ukutani,
akajifuta shavu kwa ncha ya leso.
"Rudi nyuma," akasema.
"Safari hii lipe mwendo."