Kichupa 417

Mvua ya Mieres hainyeshi, inaning'inia,
nyembamba kama uzi wa buibui.
Waliosema dalili ya mvua ni mawingu
hawakuwahi kuamka katika bonde hili,
ambako mawingu ni dari tu,
na dari haiagui kitu.

Natoa vichupa jokofuni, themanini chini ya sifuri.
Glavu zinakakamaa.
Damu ikishatulia hupoteza wekundu wake:
juu hubaki maji ya rangi ya sidra changa,
na humo ndimo waogeleamo wajumbe,
protini zisizo na macho wala mdomo.
Chembe moja ya kinga ikishtuka huwatuma
wakapige mbiu kwa wenzake:
njooni, kuna mgeni asiyebisha hodi.

Mimi nahesabu kelele zao.
Kila kishimo cha sahani huwa buluu kwanza,
halafu natia tindikali, kinageuka manjano,
na manjano ikikolea, mbiu ilikuwa kubwa.

Intalukini sita. Kichupa 417.
Februari: nne.
Mei: tisa.
Agosti: thelathini na moja.
Pikogramu, uzito ambao hata nzi angeudharau.

Jina sina. Sheria ni sheria:
jina hubaki ghorofa ya chini,
nambari hupanda lifti peke yake.
Lakini kila Alhamisi ya kutolewa damu
Belarmino Antuña hukaa kwenye benchi la korido,
kofia magotini, mikononi makovu ya buluu
pale makaa yalipoingia chini ya ngozi
yakagoma kutoka hata baada ya mgodi kufungwa.
Alichimba na baba yangu, zamu moja, taa mbili.
Hunipa tufaha dogo lenye madoa,
la kukamuliwa, si la kula.
Nami hulila.

"Azucena, damu yangu inasemaje?"
"Damu yako naijua mimi? Napima nambari."
Anacheka. Kicheko kinageuka kikohozi.
Kikohozi hakirudi tena kuwa kicheko.

Zamani mgodini palikuwa na king'ora.
Kikilia saa isiyo yake
wanawake walitoka na unga vidoleni
wakateremka hadi getini, hakuna aliyefunga mlango.
La mgambo likilia lina jambo:
mama aliijua methali hiyo kwa miguu.
Ila king'ora hakikutaja mtu,
hakikusema njia ya ngapi imeporomoka.
Mlisimama, mkahesabu kofia zinazotoka.

Ndivyo walivyo wajumbe hawa.
Hupanda kwa uvimbe, hupanda kwa mafua,
kwa jino bovu, kwa mzee
aliyelala vibaya akaamka na goti limejaa.
Nani aape?
Na uvimbe ukikomaa hujifunza lugha yao.
Huwaita walinzi kwa sauti ya nyumbani;
walinzi huja, tena na matofali,
wakamjengea mwizi chumba
wakamvutia na mfereji wa damu.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Nguo huvuliwa. Pafu je?

Daktari Quirós anaipenda grafu yangu.
"Tazama huu," anasema, kidole kwenye skrini,
"mstari wa 417, safi, kama umechorwa na rula."
Ni kweli. Mzuri kuliko yote.
Nimeuchukia kama mtu.

Leo ni Novemba. Sahani iko mezani,
imefunikwa karatasi ya fedha isione mwanga.
Dakika kumi na tano.
Mfukoni mwa koti nina tufaha la wiki iliyopita,
limeanza kunyauka upande mmoja.
Nainua ukingo wa karatasi, jambo lisiloruhusiwa.
Buluu imeshaanza.

Nangoja saa ilie ndipo nitie tindikali.
Huko chini koridoni kuna mtu anakohoa.
Huenda si yeye.
Mieres watu wengi hukohoa.