Ku

Masasi. Umeme umerudi saa tano usiku,
niko na kihariri changu cha Kilojbani,
lugha iliyotungwa mezani:
kisikuze herufi ya kwanza,
kisifute nukta inayotangulia neno,
ile ni pumzi.

Kinachonikesha ni *ku*.
Kwetu *ku* hufungua: kula, kupalilia, kungoja.
Kule *ku* hufunga.
Ukiisahau, sentensi inaweza kumwagika,
nami nataka pambizo iwake nyekundu
kabla haijamwagika.

Mama anashona midomo ya magunia ya korosho.
"Wanakiongea wapi hicho?"
"Hapa Masasi? Niko peke yangu."
Akakata uzi kwa meno.
"Sasa ukikosea, Nantule, nani atakucheka?"

Sikuwa na jibu.
Kishale kikawaka, kikazima,
kikawaka,
baada ya *ku*.