Sufuria ya Kabange

Kwa Kabange, nyuma ya soko la Katuba,
nilikuta sufuria kumi na moja zikipoa mchangani.
Pistoni za lori la mgodi, mlango wa friji,
makopo ya harusi nisizoalikwa:
vyote vimepita motoni, vimesahau vilikuwa nini.

Ya mwisho ukingo wake umelegea
kama mdomo wa mtu mwenye neno,
na ubavuni, wazi kabisa, alama ya dole gumba.
"Hiyo siuzi, mama. Kesho naiyeyusha.
Mchanga ulikuwa bado mbichi, mtoto akaniita."

Alikuitia nini?

"Kunionyesha jino limeng'oka."

Nikatoa bei nzima. Akakataa.
Tukabishana kinyumenyume,
mimi napandisha, yeye anashusha,
hadi muuza makala akatucheka.

Nyumbani ninazo tatu za dukani, mapacha,
zilikuja ziking'aa, nyembamba kama ahadi.
Mbili zimetoboka, na hakuna
anayejua pa kuzirudisha.

Hii inayumba kidogo juu ya mbabula.
Kifuniko hakikai sawa; mvuke unatokea kushoto tu,
nami nimezoea kusongea bukari kulia.
Wifi yangu kaigeuza, kaitazama, kaguna.
Wiki iliyofuata kaja kuiazima.

Ikichoka nitampelekea Kabange aiyeyushe.
Kwa sasa, jioni, nikiisugua kwa majivu,
dole gumba langu linaingia ndani ya lake.
Halijai.
Jino lile, nadhani, limekwisha kuota.